Aliuona Ukuta wa Bluu

Mwezi uliopita nilikaa mkekani na binti wa kaka yangu, mwenye umri wa miezi 22, tukiwa na vikombe vitatu vya plastiki: chekundu, cha kijani na cha bluu. Nilimwonyesha tende, nikaificha chini ya kile chekundu kilichokuwa upande wake wa kushoto, nikavifunika vyote kwa kanga, na kwa mkono uliokuwa chini ya kanga nikavibadilisha nafasi chekundu na cha kijani, tende ikihama pamoja na kikombe chake. Nilipoondoa kanga hakusita hata kidogo. Aliinua kikombe cha kijani, ambacho sasa kilikuwa kimekaa mahali pa chekundu, akautazama mkeka mtupu, akasema "aipo", akakirudisha, kisha akakiinua kilekile kwa mara ya pili. Chekundu kilikuwa shubiri moja tu kutoka mkononi mwake. Kaka yake wa miaka 5, aliyekuwa amesimama mlangoni akitutazama, alishindwa kuvumilia. "Shangazi, umekihamisha wewe! Iko kwenye chekundu."

Watu wazima tuliokuwapo tulisema, kama watu wazima wanavyosema siku zote, kwamba mtoto amesahau. Nimekuwa nikisoma kwa muda mrefu juu ya namna watoto wa umri huo wanavyoyashika akilini wanayoyaona, na ninaamini kwamba neno hilo si sahihi. Hakuisahau tende, maana aliitafuta. Hakusahau mahali, maana mkono aliupeleka palepale ilipofichwa. Wala hatuwezi kusema kwamba rangi hazioni, kwa kuwa hata watoto wachanga wa miezi michache hutofautisha nyekundu na kijani. Alichokosa ni kitu chembamba zaidi: kuzifunga rangi na tende kuwa habari moja, na kuishika habari hiyo ikiwa bado imefungwa wakati kanga imetanda mbele ya macho yake. Tofauti kati ya kusahau na kushindwa kufunga ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu namna tunavyowalea watoto hawa, tunavyowapima na hata tunavyowakemea inategemea jina tulilolipa tatizo lao.

Wanasaikolojia huuita uwezo huu kumbukumbu tendaji. Ndio unaomwezesha muuza duka kushika akilini bei ya unga na ya sukari mpaka atakapotoa chenji, kisha akaziacha ziende zake. Tangu Alan Baddeley na Graham Hitch walipoueleza mfumo wake mwaka 1974, watafiti wamezoea kuifikiria kumbukumbu hii kama meza ya kazi kuliko kama ghala: haihifadhi kwa muda mrefu, ila kinachowekwa juu yake kinaweza kushikwa, kugeuzwa na kulinganishwa na kingine. Meza yenyewe ni ndogo. Mwaka 1997 Steven Luck na Edward Vogel walionyesha kwamba mtu mzima anayeonyeshwa miraba ya rangi kwa muda mfupi hushika takriban minne tu, na jambo lililowashangaza wengi ni kwamba pale rangi na mwelekeo vilipokuwa vya kitu kimoja, kuvikumbuka vyote viwili hakukuonekana kugharimu zaidi ya kukumbuka kimoja, kana kwamba sifa za kitu husafiri zikiwa furushi moja.

Matokeo hayo yalifanya kazi ya kufunga ionekane kuwa haina gharama. Mimi hapo nafuata upande wa Anne Treisman, aliyetumia miaka mingi ya kazi yake kuonyesha kwamba gharama ipo. Katika nadharia aliyoichapisha pamoja na Garry Gelade mwaka 1980, rangi, umbo na mwelekeo husomwa kila kimoja kwa njia yake, na ni uangalifu unaoelekezwa mahali fulani unaoviunganisha kuwa kitu. Uangalifu ukishikwa na jambo jingine, watu wazima wenye akili timamu hueleza kwa uhakika kabisa kwamba wameona herufi yenye rangi ambayo haikuwa yake. Wameichukua rangi ya hapa wakaivika herufi ya pale. Mgonjwa mmoja anayejulikana katika maandishi ya kitaalamu kwa herufi R.M., aliyeumia sehemu ya juu ya nyuma ya ubongo, kushoto na kulia, alikuwa akifanya makosa ya namna hiyo hata anapotazama herufi mbili tu kwa sekunde kadhaa. Mwaka 2002 Mary Wheeler na Treisman walirudi kwenye kumbukumbu tendaji wakaonyesha kwamba hata pale rangi zinapokumbukwa na mahali panapokumbukwa, jibu la swali "rangi ipi ilikuwa wapi" linaweza kuporomoka kabla ya mengine. Tusishangae basi kwamba kazi inayomlemea mtu mzima aliyekengeushwa inamshinda mtoto ambaye bado anajifunza kusimama bila kuyumba.

Cha kushangaza ni jinsi inavyoanza mapema. Mwaka 2006 Lisa Oakes, Shannon Ross-Sheehy na Luck waliwaweka watoto wachanga mbele ya skrini mbili, kila moja ikiwa na miraba mitatu ya rangi iliyokuwa ikiwaka na kuzimika. Kwenye skrini moja rangi zilibaki mahali pake. Kwenye nyingine zilibadilishana nafasi. Rangi zilikuwa zilezile na nafasi zilezile, hivyo aliyeweza kuliona badiliko ni yule tu aliyeishika rangi pamoja na mahali pake. Watoto wa miezi 6 na nusu walizitazama skrini zote mbili sawasawa. Wale wa miezi 7 na nusu waliielekea ile yenye mabadiliko. Ndani ya mwezi mmoja, kabla wengi wao hawajaanza kutambaa vizuri, fundo la kwanza linafungwa.

Hata hivyo fundo hilo ni la sehemu ndogo ya sekunde, na mtoto hadaiwi chochote ila kutazama. Ukimwekea pazia na kumwongezea kitu cha pili, mambo hubadilika. Zsuzsa Káldy na Alan Leslie waliwaonyesha watoto maumbo mawili yakifichwa moja baada ya jingine nyuma ya pazia mbili: watoto wa miezi 9 walikumbuka umbo lipi limo nyuma ya pazia lipi, ilhali wale wa miezi 6 na nusu walilikumbuka lile la mwisho tu. Katika kazi ya Lisa Feigenson, Susan Carey na Marc Hauser ya mwaka 2002, watoto wa miezi 10 na 12 walitazama biskuti zikitumbukizwa moja moja ndani ya vyombo viwili visivyoonyesha kilichomo, kisha wakaachiwa watambae kwenda kwenye chombo wakitakacho. Kati ya biskuti 1 na 2 walikwenda kwenye 2, na kati ya 2 na 3 walikwenda kwenye 3. Lakini walipopewa 2 na 4, tofauti ambayo kwa macho yetu ni kubwa zaidi, walichagua kama waliofumba macho. Kitu cha nne kilipoingia, hesabu haikupungua usahihi kidogo kidogo, bali ilivunjika.

Nalipenda jaribio jingine la Feigenson, alilolifanya na Justin Halberda na kulichapisha mwaka 2008, kwa kuwa linaonyesha mtoto akijisaidia mwenyewe. Watoto wa miezi 14 waliona vitu vinne vikiingizwa ndani ya sanduku. Vikiwa vinne vya aina moja, walivitoa viwili au vitatu wakaacha kutafuta. Vikiwa ni paka wawili na magari mawili, waliendelea kutafuta mpaka vyote vinne vikapatikana. Meza haikupanuka, walichofanya ni kutumia wanachokijua juu ya paka na magari ili kuvipanga vitu vinne katika jozi mbili. Huko nako ni kuunganisha, ingawa ni kwa namna nyingine kabisa na ile ya kuifunga rangi kwenye mahali pake.

Jaribio lililoliweka suala hili katikati ya mabishano makubwa ya saikolojia ya watoto ni la chumba. Lilianzia kwa panya. Mwaka 1986 Ken Cheng alieleza jinsi panya aliyeona chakula kwenye kona ya sanduku la mstatili, kisha akapotezwa mwelekeo, alivyokuwa akichimba ama kwenye kona sahihi ama kwenye ile iliyo mkabala nayo kwa mshazari, kwa kiasi kinachokaribiana. Kijiometri kona hizo mbili ni pacha: katika zote mbili ukuta mrefu uko upande uleule ukilinganisha na ule mfupi. Kwamba panya azichanganye si ajabu. Ajabu ni kwamba alizichanganya hata palipokuwa na alama za wazi za kuzitofautisha.

Linda Hermer na Elizabeth Spelke, waliokuwa Chuo Kikuu cha Cornell, wakawauliza watoto swali hilohilo. Katika makala yao ya mwaka 1994 waliwaingiza watoto wa miezi 18 hadi 24 kwenye chumba kidogo cha mstatili, cha takriban futi 4 kwa 6, chenye kuta nyeupe. Mtoto aliona kitu cha kuchezea kikifichwa kwenye kona moja, akafunikwa macho na kuzungushwa polepole mpaka akapoteza mwelekeo, kisha akaambiwa atafute. Alikwenda kwenye kona sahihi au kwenye pacha wake, mara nyingi zaidi kuliko kwenye kona mbili zilizobaki. Maana yake umbo la chumba alilikumbuka. Kisha ukuta mmoja ukafunikwa kwa rangi ya bluu. Mtu mzima akiingia humo tatizo limekwisha, kwa sababu kona ile tu ndiyo yenye ukuta wa bluu upande unaotakiwa. Watoto waliendelea kugawanyika kati ya kona mbili kama vile bluu haipo.

Ukuta wa bluu wenyewe haukuwa umejificha. Ulikuwa mkubwa kuliko mtoto, na watoto wa umri huo katika mazingira mengine hutumia rangi kutafuta vitu bila shida. Kwa Hermer na Spelke jibu lilikuwa kwamba ndani ya akili kuna kitengo kinachoshughulikia umbo la mahali, kilichofungwa kiasi kwamba rangi haiingii, na kwamba binadamu hukivunja kizuizi hicho kwa msaada wa lugha. Waliunga mkono dai hilo kwa hatua ambazo nakiri zilipangwa kwa ustadi. Mwaka 1999 Hermer, sasa akiandika kwa jina la Hermer-Vazquez, Spelke na Alla Katsnelson waliwapa watu wazima kazi ya kurudia kwa sauti maneno wanayoyasikia huku wakitafuta kitu chumbani. Ulimi ukiwa umeshughulika hivyo, watu wazima walirudi kwenye kosa la watoto. Walipopewa badala yake kazi ya kupiga makofi kwa kufuata mdundo, hawakukosea hivyo. Na miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba watoto wa miaka 5 na 6 waliofaulu ni hasa wale walioweza kuyatumia wenyewe maneno ya kushoto na kulia.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kupita hapo bila kusimama kidogo. Kwetu mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, na mtoto anayeupeleka mkono mwingine kwenye sahani hurekebishwa kabla hajamaliza miaka miwili. Lugha yetu pia humlazimu mapema kuchagua kati ya hapo, huko na humo, yaani kati ya mahali panapojulikana, upande usio dhahiri na ndani ya kitu. Kwa hiyo ukimwambia "iko humo" umekwishampa habari ambayo katika lugha nyingine ingehitaji maneno zaidi. Sisemi kwamba mtoto wa Tanga au Mombasa kwa sababu hiyo ataushinda ukuta wa bluu mapema kuliko mwenzake wa New York. Kuujua mkono wake wa kulia mezani ni jambo moja, na kuujua upande wa kulia wa ukuta ni jambo jingine, ambalo hata watoto wa darasa la kwanza hulikosea. Ninachosema ni kwamba dai lolote kuhusu lugha na mahali linastahili kupimwa kwa watoto wanaojifunza lugha ambayo sarufi yake yenyewe imejaa mahali.

Ushahidi wa lugha ulioniathiri zaidi umetoka Nicaragua. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto viziwi waliokusanywa kwenye shule mjini Managua walianza kuunda lugha mpya ya ishara, na waliokuja baadaye waliipokea na kuinyoosha. Jennie Pyers na wenzake, akiwamo Ann Senghas na Spelke mwenyewe, walichapisha mwaka 2010 kazi waliyoifanya na watu wazima wa vizazi viwili vya lugha hiyo. Wale wa kizazi cha pili, ambao ishara zao za kushoto na kulia zimetulia zaidi, walifanya vizuri zaidi kupata kitu kilichofichwa baada ya kuzungushwa kuliko wale wa kizazi cha kwanza, ingawa wa kwanza ndio waliokuwa na umri mkubwa na uzoefu mwingi zaidi wa maisha. Hawa si watoto, wala hawakukosa akili. Walitofautiana katika zana waliyopewa ya kusemea mahali.

Pamoja na hayo yote, siamini kwamba lugha ndiyo inayounganisha. Sababu ya kwanza ni samaki. Mwaka 2002 Valeria Anna Sovrano, Angelo Bisazza na Giorgio Vallortigara waliwaweka samaki wadogo ndani ya tangi la mstatili lenye ukuta mmoja wa bluu, na samaki wakaitambua kona sahihi kwa kuunganisha umbo la tangi na rangi ya ukuta. Nyani aina ya rhesus nao wameonekana wakifanya hivyo. Kiumbe kisicho na neno la kushoto kikifanikiwa mahali ambapo mtoto wa binadamu ameshindwa, hatuwezi kuendelea kusema kwamba ufunguo wa mlango huo ni neno.

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi kwangu, na ni rahisi kiasi kwamba inauma kuona ilichelewa kuulizwa: je, kama chumba kingekuwa kikubwa? Amy Learmonth, Nora Newcombe na Janellen Huttenlocher walilifanyia majaribio swali hilo. Katika chumba cha futi 8 kwa 12, chenye umbo lilelile ila eneo lake mara nne, watoto wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili waliitumia alama iliyokuwepo kuichagua kona sahihi dhidi ya pacha wake. Mwaka 2002 Learmonth, Lynn Nadel na Newcombe wakaviweka vyumba vyote viwili mbele ya watoto wakubwa zaidi, na katika kile kidogo watoto waliendelea kukosea mpaka karibu na miaka 6, ilhali katika kikubwa wadogo zao walifaulu. Kitengo kilichofungwa kisichoruhusu rangi kuingia hakiwezi kufunguka kwa sababu kuta zimesogezwa nyuma futi chache.

Maelezo ya Newcombe na wenzake ni kwamba akili hupima uzito wa kila kiashiria, yaani kila kinachoweza kutuelekeza, kama umbo au rangi, kwa kadiri kinavyoaminika. Alama iliyo karibu hubadilisha upande kila unapopiga hatua mbili: meza iliyokuwa kulia kwako sasa iko nyuma yako. Alama iliyo mbali hubaki pale ilipo hata ukizungukazunguka, kama mnazi ulio ng'ambo ya kiwanja au mnara wa msikiti unaowaongoza watu mtaa mzima. Mtoto ambaye ameanza kutembea majuzi tu amejifunza, kwa kuanguka na kuinuka, kwamba vya karibu havitegemeki kuelezea mwelekeo. Katika chumba cha futi 4 kwa 6 kila kitu kiko karibu, kwa hiyo bluu inapewa uzito mdogo na umbo linapewa mkubwa. Mwaka 2008 timu hiyo iliongeza jambo la mwili: ndani ya chumba kikubwa, watoto waliozuiwa wasitembee nje ya eneo dogo la katikati walififia katika kutumia alama. Uhuru wa kusogea ulikuwa sehemu ya kuunganisha. Naliona jambo hilo kuwa kubwa kuliko lilivyopokelewa, kwa sababu linatuondoa kwenye picha ya mtoto kama jozi ya macho iliyowekwa mbele ya maswali.

Basi lugha inafanya nini? Nadhani inafanya kazi ileile waliyoifanya paka na magari ndani ya sanduku: inakipa kilichofungwa jina fupi ili kisichukue nafasi kubwa mezani, na inakielekeza kiashiria kilichodharauliwa kwamba nacho kihesabiwe. Anna Shusterman, Sang Ah Lee na Spelke walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka 4 walioelezwa tu kwamba ukuta ule wa rangi ungeweza kuwasaidia kutafuta, walianza kuutumia. Hawakufundishwa kushoto wala kulia. Sentensi hiyo haikuwa na namna ya kuunganisha ndani yake. Ilichobeba ni uzito. Na Kristin Ratliff pamoja na Newcombe walipowaeleza watu wazima waziwazi kile wanachotakiwa kufanya chumbani, kule kurudia maneno kwa ulimi hakukuwaangusha tena kama ilivyodaiwa.

Nirudi sasa kwa vikombe vyangu na mtoto aliyeinua cha kijani mara mbili. Kwa hesabu ya uzito, hakufanya upumbavu wowote. Katika maisha yake ya miezi 22, kitu kilichowekwa mahali na mtu aliyekaa kitako kimekuwa kikibaki mahali hapo. Vikombe kuhama chini ya kanga ni jambo ambalo mimi ndiye niliyelileta nyumbani. Mahali palikuwa na historia ndefu ya kusema kweli. Rangi haikuwa nayo, maana sahani, vikombe na ndoo za nyumba ile ni za rangi zote na chakula kimekuwa kikitoka kwenye chochote. Kati ya shahidi aliyezoeleka na shahidi mgeni alimfuata aliyezoeleka, na alipokuta mkeka mtupu hakuwa na nafasi ya kutosha mezani kumrudia yule mwingine na kumuuliza upya. Kaka yake wa miaka 5 aliweza kuwashika mashahidi wote wawili, akaona wanapingana, akatafuta sababu ya kupingana kwao: "umekihamisha wewe".

Hatua hiyo ya mwisho, ya kuviweka viashiria viwili pamoja vinapopingana, huchukua muda mrefu kuliko tunavyodhani. Marko Nardini na wenzake waliwapima mwaka 2008 watoto wa miaka 4 hadi 5 na wa 7 hadi 8 waliokuwa wakirudisha vitu mahali pake gizani, wakiwa na alama zinazowaka pamoja na hisia za mwendo wao wenyewe. Watu wazima walivichanganya viwili hivyo wakapata usahihi zaidi kuliko kwa kimoja peke yake. Watoto, hata wale wa miaka 8, walifuata mara hiki mara kile. Na mwaka 2010 Nardini, Rachael Bedford na Denis Mareschal walikuta jambo linalogeuza mjadala wote: watoto wa miaka 6 walipoonyeshwa viashiria viwili vya mteremko wa kitu vilivyopingana, waliweza kuona tofauti ambazo watu wazima hawakuziona, kwa kuwa macho ya mtu mzima yamekwishavichanganya viashiria hivyo kuwa kimoja kabla hajapata fursa ya kuvilinganisha. Kwa mtoto ambaye mikono inarefuka na macho yanaachana kadiri kichwa kinavyokua, kuviacha viashiria vitengane kuna faida, maana kila kimoja kinaweza kurekebishwa kwa kukipima dhidi ya mwenzake.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba mtoto mdogo "hawezi kuunganisha", nauliza kwanza ni kuunganisha kupi. Kuifunga rangi na mahali pake kwa sehemu ya sekunde anakuweza kabla ya miezi 8. Kupanga vinne kuwa jozi mbili anakuweza akiwa na miezi 14 ikiwa vitu anavijua. Kutumia umbo na rangi kwa pamoja anakuweza akiwa na miezi 18 ikiwa chumba kina nafasi na miguu yake iko huru. Kuchanganya viashiria viwili kuwa kipimo kimoja bora hajakuweza hata akiwa na miaka 8, na kwa sababu nzuri.

Mambo haya yana uzito wa pekee katika nchi zetu, ambako upimaji wa makuzi ya watoto wadogo unaanza kuingia kwenye kliniki na vituo vya malezi. Pwani ya Kenya ipo kazi ya kuigwa: Amina Abubakar, Penny Holding na wenzao walitengeneza huko Kilifi orodha ya kupimia miendo ya mwili na matumizi ya mikono kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, kwa vifaa vinavyopatikana hapohapo, na baadaye Katie Alcock na wenzake wakatayarisha dodoso za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama badala ya kutafsiri tu zile za Kiingereza. Walielewa kwamba kipimo hubeba ndani yake chumba kilikozaliwa. Somo la chumba kidogo na chumba kikubwa linadai uangalifu uleule katika upande wa kumbukumbu: mtoto aliyekalishwa mapajani mwa mama yake, mbele ya meza nyembamba, asiruhusiwe kusogea, ameshapunguziwa kiashiria kimoja kabla swali halijaulizwa.

Mama mmoja wa mtaani kwetu alinionyesha karatasi aliyopewa baada ya mwanawe wa miezi 23 kupimwa mahali fulani. Alifichiwa mwanasesere chini ya kimojawapo cha vikopo viwili vya rangi tofauti, vikopo vikazungushwa, akachagua upande wa awali mara tatu mfululizo. Kwenye karatasi iliandikwa kwamba kumbukumbu yake ni dhaifu, na mama huyo alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka imechanika kwenye mikunjo. Palikuwa na mistari mitatu ya maelezo, na miwili ilikuwa mitupu. Pangetosha kuandika kwamba mtoto alikumbuka mwanasesere na mahali, kwamba rangi hakuitumia, kwamba alipimwa akiwa amekaa, na kwamba arudiwe sakafuni, vikopo vikiwekwa mbalimbali, naye akiachwa atembee.